Nishike kama unavyomshika mwenzako

Kabla ya kukamatana, yaani kucheza mieleka, huwa tunapima uzito kwenye mizani ya samaki. Ile ile ya kupimia magunia, kaileta jamaa mmoja anayepiga kazi mwaloni Kirumba hapa Mwanza, uioshe na sabuni ya unga mara tatu bado inanuka, ukipanda peku unashuka na magamba nyayoni. Anayesoma anataja kilo kwa sauti na wote wanasikia, hakuna mambo ya kumnong'oneza mtu eti kwa sababu ni mwanamke. Mi nacheza kwenye 57, wiki niliyokula vizuri 58. Kwenye kundi letu wanawake tuko watatu tu, mmoja ana 72 mwingine 49, sa hapo niambie nakamatana na nani? Nakamatana na wanaume. Huu mwaka wa nne.

Sijawahi kuandika hii kitu hapa kwa sababu nilikuwa naogopa nani atasoma, ila kwa yaliyotokea mwezi uliopita naona hakuna cha kuogopa tena, watu wameshaona na wameshasema yao, bora mnisikie na mimi.

Tunachezea uwani kwa gereji moja huko Mabatini, sitasema ipi, kule juu ambako nyumba zimebanana na mawe mpaka jiwe la Mungu ndo ukuta wa mtu. Hatuna kibali, hatuna chama, hatuna jezi. Tuna magodoro chakavu kumi na manne yamepangwa sako kwa bako, juu yake turubai la lori, tunalipangusa na tambara la maji ili mchanga usichune watu magoti. Taa moja. Ule msimu vijidudu vya ziwani vinapanda mjini basi vinajaa kwenye ile taa kama moshi, vinakuingia puani, mdomoni, refa anachezesha huku anajipepea. Watazamaji ni makuli, mafundi, bodaboda, siku nzuri wanafika sitini, kila mmoja buku, hela inanunua bandeji na soda na inayobaki anachukua mwenye uwanja. Kubeti hairuhusiwi. Watu wanabeti huko nje getini, siwezi kuwadanganya.

Sheria tumechukua za mieleka ya huru, ile ya Olimpiki, tukazipunguza ziendane na sisi. Raundi mbili za dakika tatu tatu. Ukimlaza mtu mabega yote mawili yakagusa turubai ukamtuliza hapo, gemu imeisha. Ukimwangusha unapata pointi mbili, ukimsukuma nje ya turubai moja. Kukamata miguu ruksa. Kabali hapana, kukunja vidole hapana, kuvuta nywele hapana, ngumi ndo usithubutu. Ukizidiwa unagonga mara mbili, popote pale, mgongoni kwake au chini, anaachia. Hiyo ya kugonga ndo sheria mama, zingine zote tunaweza kubishana.

Mi niliingia pale kama fundi. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani kwa mama mmoja, na siku moja wakanifuata eti kuna turubai limechanika linataka kushonwa palepale halibebeki. Nikaenda na sindano ya magunia na kamba ya nailoni, nikakaa chini nashona huku vijana wanafanya mazoezi upande wa pili. Nilimaliza kushona saa kumi na moja na nikaondoka saa mbili usiku. Nilichoona ni kwamba yule mwenye kifua kipana alikuwa anaanguka kila mara kwa kijana mwembamba aliyejua wapi pa kuweka mguu. Kocha wetu ni mzee alijifunzia mieleka jeshini, mtu wa maneno machache. Kesho yake nikarudi nikamwambia shikamoo mzee, na mimi nataka. Hakucheka. Akanitazama mikono akasema marahaba, nenda kakate kucha urudi.

Watu wakisikia mwanamke anakamatana na mwanaume akili inaenda moja kwa moja kwenye resling ya kwenye TV. Na mi nimekulia kwenye vibanda umiza, nimeziona hizo kanda za deki, namkumbuka Chyna, yule dada mwenye mabega, Oktoba 1999 alimnyang'anya Jeff Jarrett mkanda wa Intercontinental akawa mwanamke wa kwanza kuuvaa, na sisi watoto wa kike pale kibandani tulipiga kelele mpaka tukafukuzwa. Lakini ile wanapanga mapema nani ataanguka. Kwetu hakupangwi kitu. Au niseme hakutakiwi kupangwa, maana gemu yangu ya kwanza mwenzangu alishaipanga peke yake bila kuniambia.

Nilifanya mazoezi miezi mitano ndo nikaruhusiwa kuingia Jumamosi. Nikapangiwa kaka mmoja wa kilo 59. Refa akasema anzeni, nikamshika shingo na kiwiko kama nilivyofundishwa, nikavuta, akaanguka. Alianguka kabla sijavuta sawasawa. Watu wakalipuka, dada kamwangusha mwanaume, filimbi, vigelegele, na yeye pale chini anatabasamu anawapungia mkono. Mtu ambaye hajawahi kukamatana hawezi kuelewa nikisema mwili unajua. Mtu anayetaka kubaki wima ana uzito wa aina yake, hata akiwa na kilo 50 unamsikia ameota mizizi, halafu kuna uzito wa mtu aliyejiachia, ni kama kubeba nguo mbichi. Nilishika nguo mbichi dakika sita nikatangazwa mshindi. Nilienda nyumbani nikalia mpaka dada yangu akadhani nimeumia.

Baadaye nikaja kuelewa kwa nini wanafanya vile. Mwanaume akikushinda wanamwambia umeona umpige mwanamke, huoni haya. Ukimshinda, mwaka mzima mtaani hana jina lingine. Kwa hiyo anatafuta njia ya tatu, anajiangusha kwa makeke, anaugeuza mchezo utani, na hapo hajashindwa maana hakucheza. Anayebaki mikono mitupu ni mimi. Miezi mitano ya mazoezi imegeuzwa kichekesho na nimepewa na soda juu.

Halafu kuna wa aina nyingine ambao wanaanza kwa kukuachia, ukiwaangusha kweli wanageuka. Nishakutana naye. Raundi ya kwanza ananichezea chezea tu, nikamdaka mguu nikamshusha, watu wakacheka, na alipoinuka nikaona macho yamebadilika. Raundi ya pili hakuja kucheza, alikuja kunikomoa. Akanipiga kabali ya mkono, mfupa wa mkono huu hapa kooni, nikagonga mara mbili, nikagonga tena, nikagonga kama mtu anabisha hodi usiku, haachii. Refa na wengine wawili ndo walimbandua. Wiki tatu nilimeza uji tu na sauti ilitoka kama ya mzee mvuta sigara. Kocha alimwambia maneno machache, usirudi hapa, na hajarudi. Nikiwaza nani aliniogopesha zaidi, kusema kweli ni huyo. Lakini nani aliniumiza moyo, ni yule wa nguo mbichi.

Wa tatu sitawapa nafasi kubwa, wale wanaokuja kushikashika. Mieleka unashikwa kila mahali, paja, kiuno, kifua kwa kifua, na mkono unaotafuta kumkaba mtu nyonga na mkono unaotafuta mambo mengine tunaujua ndani ya sekunde moja. Sisi watatu tulikubaliana na kocha, yeyote akisema simama, gemu inasimama, hakuna maelezo hakuna kikao, mtu anavaa viatu vyake anaenda. Imetokea mara mbili.

Kuna kisa cha Marekani huwa kinanirudia sana. Februari 2011 kwenye mashindano ya shule za sekondari jimbo la Iowa, binti anaitwa Cassy Herkelman alipangiwa mvulana anaitwa Joel Northrup, wote uzito mmoja, na yule kijana alikuwa mkali kweli, msimu ule ameshinda 35 kapoteza 4. Akakataa kuingia. Akasema imani yake haimruhusu kukamatana na msichana. Cassy akawa msichana wa kwanza kushinda gemu kwenye mashindano hayo ya jimbo la Iowa bila kumgusa mtu, amesimama tu refa akamnyanyua mkono. Nilipokisikia mara ya kwanza nilimkasirikia yule kijana. Siku hizi sijui, nimelainika kwake. Simkubalii, namuonea Cassy huruma kwa ule ushindi usio na jasho, lakini kijana alikataa wazi, mbele za watu, akaibeba gharama yeye mwenyewe na akapoteza nafasi ya ubingwa. Hakuingia ulingoni akajiangusha. Kwetu akija mtu akasema dada samahani mi siwezi kukamatana na mwanamke, dini yangu, malezi yangu, namwambia sawa kaka, namshika mkono, na namheshimu kuliko anayekubali halafu anacheza nusu.

Sa najua mtaniuliza nguvu. Kila mtu anauliza nguvu, na mi sitaki kuwadanganya kuwa tuko sawa. Kilo 57 za mwanaume na kilo 57 zangu si kitu kimoja. Kwenye Olimpiki uzito wa kilo 57 upo kwa wanaume na upo kwa wanawake, namba ile ile, na hakuna anayewakutanisha, na sababu ipo. Mwili wa mwanaume akishabalehe unaongeza misuli hasa juu, mabega, kifua, mikono, mkono wake ukikushika kiganja unasikia tofauti hapohapo. Chini kwenye miguu na nyonga tofauti ipo lakini ni ndogo zaidi. Ndo maana kocha alinikataza kabisa kushindana kwa mikono. Mieleka ya Kigiriki-Kirumi, ambayo huruhusiwi kushika chini ya kiuno, ningekuwa nalala chali kila Jumamosi. Kwenye mieleka ya huru naenda miguuni. Naingia chini, nadaka mguu mmoja, natia ngwala ule mwingine, na miguu yangu mimi imepanda Mabatini na ndoo ya lita 20 kichwani tangu nina miaka tisa, mawe yale hayana ngazi, ukiteleza umemwaga maji na umerudi foleni. Kilo 20 kichwani, kiuno kinatulia, miguu inatafuta jiwe. Hakuna aliyetuambia kuwa ni mazoezi. Wale vijana wengi hawajawahi kupandisha ndoo ya maji, dada zao ndo waliwapandishia.

Nimeandika kwenye daftari kila gemu. Na wanaume nimecheza 31. Nimeshinda 9, na hapo sijahesabu za kuachiwa, zile nimezipiga mstari. Kwa hiyo nashindwa zaidi, ndo ukweli wenyewe, na naenda tena.

Na siko peke yangu duniani. Kule India kijiji cha Balali, Geeta Phogat alikuzwa na baba yake kwa kukamatana na wavulana kwa sababu wasichana wa kukamatana nao hawakuwepo, mwaka 2010 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mwanamke wa kwanza wa India kwenye mieleka. Binamu yake Vinesh ndo yule wa Olimpiki ya Paris 2024 aliyefika fainali ya kilo 50 akatolewa asubuhi ya fainali kwa kuzidi gramu 100. Gramu 100! Mizani yetu ya samaki hata haiwezi kuiona hiyo gramu 100. Nilikaa na hiyo habari siku nzima sikushona kitu. Na Senegal, Casamance kule, wasichana wa Kijola wanakamatana tangu zamani, ni mila yao, ndo alikotoka Isabelle Sambou aliyefika nafasi ya tano London 2012. Wanawake wenyewe wameruhusiwa mieleka Olimpiki mwaka 2004 tu, Athens. Sasa huku kwetu ukisema unacheza mieleka unaambiwa jike dume, utakosa mume, kizazi kitahama. Hayo nimeyasikia sana, nimeyazoea.

Sikuyazoea haya ya mwezi uliopita. Kuna mtu alirekodi gemu yangu na simu. Gemu ilikuwa ya dakika sita na nilishinda sita kwa nne, moja ya zile 9. Yeye akakata sekunde kumi na moja, zile ambazo kaka wa watu yuko juu yangu na mimi niko chini najinasua, taa hafifu, sura yangu inaonekana vizuri, yake haionekani. Akairusha. Kufika Jumatatu imeshaingia kwenye magrupu, na maneno juu yake dada zetu wanaelekea wapi, na wengine waliandika mambo siwezi kuyarudia. Jumanne ikafika kwenye grupu la kwaya la mama.

Mama akanipigia. Hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini sana, mwanangu, nani kakufanyia hivi?

Alidhani nimeshambuliwa. Alikuwa ameshavaa khanga ya kutokea, anataka twende polisi. Nikamweleza mama ni mchezo, mama nilishinda, kuna refa pembeni hajaonekana, akawa kimya, nasikia redio nyuma yake na kuku, halafu akasema haya, akakata. Mpaka leo hatujaizungumza. Nikienda ananipikia, anauliza cherehani, anauliza afya. Siwezi kumlaumu. Kwa sekunde kumi na moja zile hata mi ningewaza alichowaza yeye. Kwa hiyo wewe uliyekata ile video, sijui kama unasoma hapa, ungeweka zote dakika sita. Ungeweka na mkono wangu ukinyanyuliwa. Siku hizi simu zote zinabaki kwenye ndoo getini na tumepoteza watazamaji kama nusu, sawa tu.

Wiki iliyofuata nilitaka kuacha. Nilienda nikamwambie kocha, na nikakuta nimeshapangwa na kijana anayebeba barafu mwaloni, yale mabonge ya kuhifadhia samaki, mgeni kwetu, kilo 58. Kabla hatujaanza akanifuata pembeni akasema dada, mi sijui kucheza nusu, nikuingie kama navyoingia? Nikamwambia ndo hivyohivyo mdogo wangu. Akaitikia kwa kichwa akaenda kufunga kamba ya bukta.

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ganda la mti, na baridi, sijui barafu iliingia humo ikakataa kutoka. Alinishika kiganja cha kulia nikasikia mfupa. Nikaingia chini kutafuta mguu wake wa kushoto na nikaupata, nimeukumbatia kabisa, akarusha miguu yote nyuma akanilalia mgongoni na kifua chake chote, pumzi ikatoka puu. Alikuwa mzito. Alikuwa na mizizi. Pale chini uso kwenye turubai, nanusa mafuta ya gari na samaki na jasho, nilisikia furaha siwezi kuielezea, maana huyu mtu alikuwa ananipinga kweli. Pointi mbili zake. Raundi ya pili nikamvizia alipobadilisha miguu nikatia ngwala, akaenda chini, mbili zangu. Mbili mbili. Halafu akanigeuza. Bega la kushoto likagusa, nikakunja shingo nikasimamia utosi kuliokoa la kulia, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, jicho moja linaona taa na vijidudu vinavyozunguka na lingine linaona sikio lake limewiva, mguu wangu unateleza kwenye mshono nilioushona mwenyewe kwenye lile turubai, na bega likashuka. Refa akapiga kofi chini.

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyepiga filimbi. Kulikuwa na ule ukimya wa watu waliokuwa wameshika pumzi, halafu wakapiga makofi ya kawaida, kama wanavyompigia yeyote. Kijana akanipa mkono nikainuka, anahema, akasema dada una shingo ngumu. Kesho yake asubuhi alipita kwenye baraza ninaposhonea na kipande cha barafu kimefungwa kwenye kiroba, akasema weka shingoni dakika kumi toa dakika kumi, akaondoka kuwahi mitumbwi.

Kwenye daftari nimeandika nimeshindwa, mabega yote mawili, raundi ya pili. Hiyo sikuipiga mstari.

Basi kama uko Mwanza, kilo zako zinacheza 55 mpaka 60, mwanaume au mwanamke, hasa mwanamke maana wale wenzangu wa 72 na 49 wamechoka kusubiri, tuna mazoezi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni. Waulize mafundi wa Mabatini wapi kuna turubai la lori lenye mshono wa kamba ya bluu, watakuonyesha. Njoo na maji yako, simu acha nyumbani. Na kucha kata kabla hujaja, mzee anazikagua mwenyewe.